Mawese Ndani ya Maji

Mimi nilikuwa mchota maji wa kamyo, yaani lori la mizigo. Kule Baraka kazi hiyo haikuwa na jina, kwa sababu kamyo nyingine hazikuhitaji mtu wa namna hiyo. Kamyo ya baba mkwe wangu ilihitaji. Kila iliposimama nilishuka na bidoni, dumu langu la maji, kuijaza, na kila nilipoijaza ilikuwa tayari na kiu nyingine.

Mwili wake ulikuwa wa kamyo ya zamani ya petroli, ambayo mfanyabiashara mmoja wa Mboko aliitupa nyuma ya duka lake baada ya moteri, yaani injini yake, kufa. Moteri mpya haikuwa ya kamyo kabisa. Ilikuwa ya mazuti, ndiyo dizeli, na ilitoka katika boti la chuma lililopasuka juu ya mawe ya Ubwari, ziwani. Baba mkwe alikuwa amelitumikia boti hilo miaka kumi na minne. Wenyewe walipoliacha, aliomba moteri, akaivusha kwa mitumbwi miwili iliyofungwa pamoja, kisha akakaa miaka miwili akikata chuma, akitoboa, akifunga, mpaka moteri ya boti ikakaa ndani ya kamyo na magurudumu yakazunguka. Watu walikuja kutazama. Walimcheka wakisema, "Mafuta, hii kitu yako siku moja itasikia harufu ya ziwa, itakimbia na weye ndani."

Mafuta ndilo jina walilomwita. Alizaliwa Uledi, lakini ndani ya boti kazi yake ilikuwa kulainisha vyuma kwa mafuta, na jina la kazi likameza jina la kuzaliwa. Hata mke wake, mama Zainabu, alimwita Mafuta.

Mimi sikuweza. Kwetu mkamwana hatamki jina la baba wa mume wake, wala kitu chochote chenye jina hilo, mwenyewe akiwa karibu. Wala hasemi naye uso kwa uso. Akiwa na neno, analiambia kuku, au mlango, au mtoto anayetambaa, na mkwe anasikia na kujibu kwa njia hiyohiyo. Mama yangu alinifundisha hayo kule Mboko kabla sijatoka nyumbani. Kwa kuwa toka utoto sikuwa mtu wa maneno, na masista wa shule walikuwa wakinipiga fimbo za vidole kwa sababu ya kunong'ona majibu, desturi hiyo haikunilemea. Nyumba yetu haikuwa na mtoto bado. Niliongea na kamyo.

Na mafuta yote niliyaita mawese. Ya kupikia, ya taa, ya karanga, ya kujipaka, yote mawese. Mama Zainabu alipenda kunicheka. "Siku mukamwana atagonjwa macho, batamutilia mawese ya munganga."

Mwaka huo, wa hamsini na sita, Placide alikuja. Alikuwa karani wa machimbo ya dhahabu ya milimani, kijana wa miwani na kofia nyeupe, mwenye daftari refu. Chifu wetu alitakiwa kutoa vijana wanane kwa miaka mitatu. Lukmani, mume wangu, alikuwa wa tano katika orodha. Wake hawakuchukuliwa. Aliyeachwa ni yule tu mwenye kazi iliyoandikwa kwenye karatasi ya serikali.

Lukmani alikuwa na kibali cha kuendesha tangu mwaka uliopita. Alichokosa ni kamyo yenye karatasi. Na karatasi ilitolewa Fizi, kwenye teritware, ofisi ya serikali ya wilaya, mara moja tu kwa mwaka, wakati Mzungu wa magari alipokuja kupima. Mwaka huo siku yake ilikuwa Alhamisi, majuma mawili na nusu baada ya Placide kuandika majina. Kamyo ilipaswa kutoka Baraka na mzigo wake, ipande mpaka Fizi, ifike kabla ya saa sita za mchana. Ikifika, jina la Lukmani lingeandikwa kama shofeeri. Isipofika, Jumatatu inayofuata angeenda na wenzake saba.

Kaka yangu Anatole alikwenda huko. Alirudi kabla ya miaka mitatu kwisha, kifua kikilia kama mlango mbovu, na mvua za kwanza zilimwondoa. Kwa hiyo sikuhitaji kuelezwa.

*

Safari ya kwanza ya kujaribu tulipakia mifuko ishirini ya mihogo mikavu ya majirani. Baba mkwe aliendesha, Lukmani alikaa kando yake, mimi nilikaa juu ya mifuko na bidoni zangu tatu. Katikati ya mlima kamyo ilipata joto, tukasimama. Lukmani alifungua kifuniko cha radiateri kwa kitambaa, maji yakaruka, akaruka naye akicheka. Yalipotulia nilisogea kujaza.

Juu ya maji kulikuwa na ngozi nyembamba yenye rangi rangi. Na moteri ikiwa bado inazunguka, mapovu yalikuwa yakipanda, moja, halafu moja, halafu mawili, ingawa maji yalikuwa yameacha kuchemka. Yalipanda kama ya mtu anayepumua chini ya maji.

Baba mkwe alikuwa ameinama karibu na gurudumu.

"Kamyo," nikasema, nikiangalia taa yake, "ndani ya maji yako iko mawese."

Hakuinua kichwa. "Kamyo, ambia ule mwenye anakunywesha weye asafishe bidoni yake. Maji yako haiko sombe, mboga ya kutia mawese."

"Sombe ya kamyo!" Lukmani akapiga paja. "Tutie na samaki ndakala, tukule hapahapa!"

Nilitaka kusema habari ya mapovu pia. Lakini kicheko kilikuwa kimeshanifunga mdomo. Tena bidoni yangu moja ilikuwa kweli imebeba mawese kabla ya kubeba maji. Niliona aibu. Tuliporudi niliisugua kwa majivu na mchanga mpaka mikono ikauma, na wakati nasugua nilianza kuamini kwamba kosa ni langu.

Jioni nilimwambia Lukmani kwamba ngozi ile haikuwa nyekundu kama mawese.

"Baba amelala na hii moteri miaka kumi na ine," alisema. "Mi nimelala na weye miezi saba. Nani anajua mwenzake muzuri?"

Safari ya pili tulikwenda na bidoni safi. Ngozi ilirudi. Safari hiyo nilichovya kidole. Kilichonata kilikuwa cheusi, chenye harufu ya moshi. Mawese hayanuki hivyo, na katika baridi ya mlimani huganda yakawa ya manjano. Hapo nilijua. Yalikuwa mafuta ya moteri. Yalikuwa yametoka mahali pake na kuingia ndani ya maji, na pumzi ya moteri ilikuwa ikiyafuata.

Nilijua, lakini kwa kitu hicho mdomo wangu ulikuwa na neno moja tu.

"Kamyo, bidoni iko safi," nikasema. "Mawese imerudia. Ni mawese nyeusi."

"Mawese nyeusi!" Baba mkwe alicheka safari hii, kwa wema. "Kamyo, ni mama gani anapikaka mawese nyeusi? Ni ile ya juzi, imeshika ndani ya radiateri. Itatoka polepole."

Alichomoa kijiti cha kupimia mafuta, akakitazama, kilikuwa sawa, akakirudisha. Siku ya pili yake yote aliimaliza akiosha radiateri kwa maji ya majivu. Mimi ndiye niliyemletea majivu. Nilipita mbele yake mara tisa na chungu kichwani, na mara zote tisa sikusema kitu. Najiuliza mpaka leo kwa nini sikumvuta Lukmani tena, au mama Zainabu, pembeni, maana kwao ningeweza kulitaja neno lenyewe. Nadhani nilijiambia kwamba msichana aliyeishia darasa la tatu hamfundishi mtu moteri yake. Nadhani pia niliogopa kuchekwa mara ya tatu.

*

Safari ya tatu ilikuwa Jumanne, siku tisa kabla ya Alhamisi ya kupimwa. Kwenye mpando wa pili bomba la nyuma lilianza kutoa moshi mweupe. Haukuwa moshi wa mazuti, ambao naujua unavyochoma macho. Ulikuwa mvuke. Uliloanisha uso wangu. Moteri ikaanza kukosa hatua, kama mtu anayechechemea.

"Tia moto!" Baba mkwe alikuwa akijisemea mwenyewe ndani. "Ipande tu! Ikifika kwa tambarare itapona."

Nikapiga kofi juu ya paa. Hawakusikia. Nikapiga tena kwa bidoni. Kamyo ikasimama, Lukmani akashuka, akafungua kifuniko, na maji yakaruka juu kuliko kichwa chake, meusi. Mapovu hayakuwa tena moja moja. Maji yote yalikuwa yakigeuka.

"Kamyo, nini tena?" aliuliza baba mkwe akishuka. "Mawese?"

"Ni mafuta!" nikasema. "Haiko mawese! Ni mafuta, mafuta ya moteri, iko ndani ya maji tangia siku ya kwanza!"

Nilisikia sauti yangu ikirudi kutoka upande wa pili wa bonde. Lukmani alinitazama kama vile nimevua nguo barabarani. Baba mkwe alisimama, mkono juu ya mlango. Kisha aliingia, akazima moteri, akachomoa kijiti. Mafuta yaliyokuwa juu yake yalikuwa meupe, kama maji ya mihogo iliyolowekwa.

Alikishika muda mrefu. Yalidondoka juu ya kiatu chake.

"Kamyo," akasema polepole, "tangia siku ya kwanza?"

"Na mapovu," nikaiambia kamyo.

"Mapovu." Aliketi juu ya jiwe. "Ndani ya boti maji inaingia, inapita, inarudia kwa ziwa. Miaka kumi na ine sikuona ata povu moja. Nani angeiona? Ni samaki tu."

Tuliteremka bila moteri, kwa breki tu, Lukmani akiweka jiwe chini ya gurudumu kila mara breki zilipochoka. Tulipofika nyumbani, mama Zainabu alisikia yote kabla sijashuka kutoka juu ya mifuko.

"Alitaja jina?"

"Mama, moteri imekufa," alisema Lukmani.

"Moteri haikunizalia mutoto. Mi nauliza, alitaja?"

"Alitaja mafuta ya moteri, hakutaja baba."

"Jina ni jina. Kuku! Na maji ya chumvi kwa mudomo. Ata kama kamyo inakufa, kuku iko palepale."

Nilimtoa kuku wangu awe faini ya jina, yule niliyepewa na mama yangu. Nikasukutua maji ya chumvi mbele ya mlango. Baba mkwe alipewa maini, kama desturi inavyotaka, lakini hakuyala. Aliyafunika kwa sahani, akaenda kufungua kichwa cha moteri.

*

Kati ya kichwa cha moteri na mwili wake linalala bamba jembamba. Kazi yake ni kuzuia moto ukae mahali pa moto, maji mahali pa maji, mafuta mahali pa mafuta. Baba mkwe alipolifunua, kati ya tundu la pili na la tatu lilikuwa limeungua, jeusi, limeliwa upana wa kidole.

"Joint ya culasse," alimwambia Lukmani. "Njo hii, ni hii imeungua."

Akaniomba karatasi, kwa njia ya kamyo. Nilichana ukurasa katika daftari langu la shule. Alilaza rula ya chuma juu ya uso wa kichwa, akapenyeza karatasi chini yake. Pembeni ilikataa. Katikati ilipita, ikatoka upande wa pili na maandishi yangu juu yake.

"Imekunjika," akasema. Aliijaribu tena, akitumaini labda karatasi imekosea. "Siku ya kwanza ingekuwa joint tu. Ni moto ya zile siku ingine njo imekunja kichwa."

Hakunitazama. Alikiambia chuma maneno hayo, lakini mimi ndiye niliyesimama kando ya chuma.

Bamba lingine halikuwapo. Kuandika Usumbura na kungoja jibu kungechukua mwezi. Lukmani alisema basi. Alisema hivyo akiwa anachezea kofia yake, bila hasira, kama mtu anayekubali mvua. Ndipo mama Zainabu aliingia ndani, akatoka na sinia yake ya shaba, ile aliyoolewa nayo, akaiweka juu ya meza ya kazi.

"Nilizani itabeba pilau ya mujukuu," alisema. "Kumbe itabeba moto ya shetani. Kata, Mafuta, kabla moyo wangu haijageuka."

Ilikuwa na maua yaliyochongwa. Baba mkwe aliyapiga kwa nyundo ya mbao mpaka yakalala. Aliipasha shaba motoni mpaka ikawa nyekundu, akaitosa majini. Mimi nilidhani itakuwa ngumu kama panga, lakini shaba si chuma. Ilitoka laini, ikikunjika kama ngozi. Akachora matundu yote kwa mkaa na kuyakata moja moja kwa patasi.

Kichwa chenyewe tulikinyoosha kwa kusugua. Mgiriki mwenye duka alitupa kipande kizito cha kioo cha meza yake kilichopasuka. Tulikilaza juu ya gunia, tukatia mchanga laini wa ziwani uliochujwa kwa kitambaa pamoja na mafuta kidogo, tukaweka kichwa juu yake, tukasukuma na kuvuta. Siku nne. Baba mkwe, Lukmani, mimi, kwa zamu. Kila baada ya muda tulikigeuza na kupitisha karatasi. Ilipita. Tukasugua. Ilipita kwa shida. Siku ya nne ilikwama, na Lukmani akainuka akacheza peke yake, mikono myeusi mpaka kiwiko.

Kufunga, baba mkwe alianza na buloni, yaani bolti, za katikati, akaenda nje kwa mzunguko, kidogo kidogo, mara tatu kwa kila moja. Mimi nilihesabu kwa sauti ndogo ili asisahau alipofika.

Jumatatu waliiwasha. Niliinama juu ya radiateri bila kupumua. Maji yalitulia. Nilimwona mtu ndani yake, nikashituka, kumbe ni uso wangu.

"Kamyo," nikasema, "hakuna povu."

"Kamyo," akasema baba mkwe, "angalia tena."

Niliangalia tena. Hakuna. Siku ya pili yake tuliipeleka Swima na kurudi, kwenye tambarare ya kando ya ziwa, na mzigo mzima. Hakuna. Watu walitupungia mikono. Lukmani aliimba njiani kwa sauti mbaya, na mimi, juu ya mifuko, kwa mara ya kwanza tangu Placide aje nilifikiria mambo ya mwezi ujao.

Baba mkwe peke yake hakufurahi. Jioni alikaa mbele ya kamyo akiipigapiga bodi.

"Weye uko mutoto wa maji," aliiambia. "Ziwa nzima ilikuwa radiateri yako. Sasa nakupa ndoo moja nasema panda mulima."

Nilikuwa nafagia. Nikaendelea kufagia. Kisha nikaiambia kamyo, "Kama iko pipa juu ya kichwa yako, maji itaingia mupya, na ya moto imwangike kwa barabara. Kama ndani ya boti."

Mkono wake uliacha kuipiga bodi. Niliogopa nimeharibu tena.

"Kamyo," akasema mwishowe, "leo umesema neno."

Jumatano tulifunga pipa juu ya paa.

*

Alhamisi tuliondoka mapema. Pipa lilikuwa limejaa, bidoni zangu zote zimejaa, na maji ya moto yalitiririka nyuma yetu barabarani kama mkojo wa ng'ombe, watoto wakiruka juu yake. Mpando wa kwanza tuliupanda. Wa pili, mahali pale ilipokufa, tuliupanda pia, na Lukmani alitoa kichwa dirishani akanipigia kelele, "Mukamwana! Andaa nguo ya shofeeri!"

Tulisimama nusu ya njia nijaze pipa kwenye kijito. Nilifungua kifuniko kuangalia. Maji yalikuwa safi. Nilikuwa karibu kufunga, povu moja likapanda.

Nilingoja. La pili.

"Kamyo," nikasema. "Povu."

"Ngapi?" Aliuliza upesi, bila kuitaja kamyo.

"Mbili. Sasa tatu."

Jua lilikuwa bado la saa tatu. Alichukua ufunguo, akapanda juu ya moteri ya moto, akaanza kukaza buloni, katikati kwenda nje. Mikono ilimwungua, alikuwa akiipuliza. Alipomaliza aliinamisha uso karibu na kichwa cha moteri, akapangusa kwa kitambaa, akangoja, akapangusa tena. Mimi nilikuwa upande wa pili. Niliona alichokiona. Katikati, juu ya pale karatasi ilipokuwa ikipita, kulikuwa na mstari mwembamba kuliko unywele, na kila alipoupangusa ulitoa jasho.

Bamba la sinia lilikuwa zima. Kichwa chenyewe ndicho kilichopasuka, tangu zile siku za moto, na sisi tulikinyoosha uso tu.

"Baba?" Lukmani alisema.

"Tuende," alisema baba mkwe. "Itafika pale itafika."

Ilikwenda. Ilikwenda kwa hatua ya mtu, ikitupa mvuke, ikikosa pumzi moja, halafu mbili. Nilimwaga pipa lote, nikamwaga bidoni zote, kisha nikashuka nikawa natembea kando yake na kuchota kila palipokuwa na dimbwi. Watu waliokuwa wakienda sokoni walitupita. Mwanamke mmoja aliyebeba kuni aliuliza kama tumebeba mgonjwa. Kwenye mpando wa mwisho, tukiona tayari bati za ofisi, kitu kililia ndani ya chuma, na kamyo ikasimama. Lukmani aliweka jiwe. Baba mkwe alijaribu kuiwasha mara nne. Mara ya tano hakujaribu.

"Kimbia," nilimwambia Lukmani. "Ende kamwambie Muzungu tuko hapa, anaweza kuona."

Alikimbia. Tulimwona akipungua barabarani. Baba mkwe na mimi tulibaki, yeye upande mmoja wa kamyo, mimi upande mwingine.

Saa sita ilipita kidogo, Mzungu wa magari akateremka na gari lake dogo la jipu. Lukmani alikuwa nyuma, ameshikilia chuma, akizungumza karibu na sikio lake. Jipu ilisimama. Mzungu hakuwa mtu mbaya. Alishuka, akazunguka kamyo, akatazama pipa juu ya paa, akatazama maji chini ya miguu yake. Akauliza kwa Kiswahili chake cha ofisini, "Hii moteri ilitoka wapi?"

"Kwa boti, bwana," alijibu baba mkwe, kofia mkononi.

"Nani alifanya kazi hii?"

"Ni mimi."

Alipanda juu ya bampa, akatazama ndani muda kidogo. Nadhani alistaajabu. Aligusa ukingo wa shaba ulipotokeza, akauliza ni nini, baba mkwe akamwambia ni sinia. Alitikisa kichwa na kuandika kitu.

"Kazi ya akili," alisema. "Lete mwaka kesho, na moteri ya kamyo."

"Bwana, mutoto wangu Jumatatu..."

"Mwaka kesho," alisema, akapanda jipu.

*

Jumatatu Placide alisoma majina mbele ya nyumba ya chifu. Alisoma vizuri, akipumzika kila baada ya jina ili mwenyewe aitike. Lukmani aliitika wa tano. Alikuwa na blanketi, na ndakala zilizofungwa kwenye jani la mgomba, na shati ambalo mama yake alililaza chini ya godoro usiku ili linyooke.

Mama Zainabu hakulia. Alimwambia, "Usikubali bakuweke mbele ya shimo. Sema weye uko fundi ya moteri. Sema baba yako njo Mafuta, kila muntu wa ziwa anamujua."

"Kule hakuna ziwa, mama."

"Sema tu."

Alipiga goti mbele ya baba yake. Baba mkwe aliweka mkono juu ya kichwa chake, mkono wenye malengelenge ya buloni, akatikisa midomo bila sauti. Kisha Lukmani akaja kwangu. Mbele ya watu hatukuwa na la kufanya.

"Mukamwana," alisema, akijaribu kucheka. "Kama mama anadai kuku ingine, umupe ya jirani."

Nilikuwa na maneno. Nilikuwa nimeyapanga tangu Ijumaa. Nilitaka kumwomba msamaha kwa siku zile za mawese, nilitaka asikie kutoka kwangu kwamba nilijua toka safari ya pili na nikanyamaza. Nilifungua mdomo, na Placide akapiga filimbi.

Wanane walipanda kamyo ya machimbo. Ilikuwa kubwa, ya kijani, na moteri ya mazuti kama yetu. Dereva aliiwasha. Mimi nilisogea karibu na bomba la nyuma, watu wakadhani nataka kushika mkono wa mume wangu. Nilikuwa nasikiliza. Nilitafuta hatua moja iliyokosekana, kuchechemea kidogo, chochote. Nilitazama moshi kama una weupe. Niliweka kiganja mbele ya bomba nione kama kitaloa.

Kilikuwa kikavu. Moshi ulikuwa mwembamba, wa kijivu, ukachoma macho kama inavyotakiwa. Kamyo ikageuka kuelekea barabara ya Mboko, ikafika kwenye kilima cha kutokea mji, dereva akabadili gia, na ikapanda bila shida.